Corvette ya 1963, miguu ya 1988: tatizo si bolti

Picha ni ya Chevrolet Corvette ya 1963, gari la michezo la Kimarekani, ile yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati. Rangi mpya, taa zilezile za kujificha, mgongo uleule uliochongoka. Kisha mpiga picha anainama, na chini ya gari unaona mikono ya alumini inayong'aa, diski kubwa za breki na shokapu za kisasa. Bodi ni ya babu, miguu, yaani saspensheni, ni ya mjukuu: Corvette ya 1988.

Hapo ndipo mabishano huanza. Wa kwanza atasema ni kazi ya wikendi moja: fungua za zamani, funga mpya, kiwanda si kilekile? Wa pili atasema gari limeharibiwa. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyekwisha lipa, atauliza kwa nini gari lake lina vyuma vipya vya bei mbaya na bado linamvuta usukani kila likipita kwenye tuta.

Wote wamegusa ukweli kidogo. Kinachowachanganya ni mazoea ya kuiona spea kama kitu kizima kinachojitegemea. Pampu ya maji ni pampu ya maji. Ikikaa mahali pake na isipovuja, kazi imeisha. Saspensheni haiko hivyo. Mkono unaonunua ni nusu ya kitu. Nusu ya pili imo kwenye chasisi, na huwezi kuibeba kwenye boksi, kwa sababu si chuma. Ni mahali: tundu la bolti liko juu kiasi gani, ndani kiasi gani, mbele kiasi gani.

Majina kabla ya kazi

Chasisi ni fremu ya chuma inayobeba gari zima. Kwa Corvette za zamani hilo ni kweli kuliko kwa magari mengi, maana tangu 1953 bodi yake ni ya faibaglasi na haibebi uzito wa maana.

Saspensheni ni kila kilicho kati ya chasisi na gurudumu: mikono, springi, shokapu, raba bushi (mipira ambayo mikono huzungukia), boljointi (maungio ya kichwa cha duara). Habu ni kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Kinachoishika habu nitakiita kifundo, kwa kuwa kinafanya kazi ya kifundo cha mguu. Mkono wa juu hukishika kichwani, wa chini hukishika miguuni, na tairodi kutoka kwenye stelingi hukigeuza kushoto na kulia.

Wamarekani huvihesabu vizazi vya Corvette kwa herufi na namba. C2 ni 1963 hadi 1967. C3 ni 1968 hadi 1982, bodi mpya juu ya chasisi ya ukoo uleule wa C2. C4 ni 1984 hadi 1996. Hakuna Corvette ya mwaka 1983 iliyouzwa. C5 ikaanza 1997. Tukisema "miguu ya C4 kwenye C2" tunazungumzia kuvusha miaka ishirini na zaidi ya uhandisi.

Mlango na bawaba

Fikiria umenunua mlango mzuri wa mninga, umekuja na bawaba zake. Unaufunga kwenye fremu ya zamani ambayo nguzo yake imeegemea kidogo. Bawaba zimeingia, skrubu zimekaza, kila kitu kimeshika. Lakini ukiuachia, mlango unafunguka wenyewe, au unakwaruza sakafu ukifika katikati. Mlango hauna kasoro, bawaba hazina kasoro. Njia ambayo ncha ya mlango itapita hewani huamuliwa na mstari unaounganisha bawaba, na mstari huo ni mali ya fremu.

Gurudumu nalo linaning'inia kwenye bawaba. Kila mkono huzunguka kwenye bushi zake za ndani, na ncha yake ya nje huchora upinde. Mikono miwili, pinde mbili. Kifundo kimebanwa kati ya pinde hizo, na ndizo zinazoamua kama gurudumu likipanda juu ya jiwe litabaki wima, litainamia ndani, au litainamia nje na kukanyaga lami kwa ukingo. Wahandisi wa C4 walizichora pinde hizo kwa makusudi, wakazigawa: urefu wa mikono ukatengenezwa kwa alumini, mahali pa bawaba pakawekwa kwenye chasisi. Ukichukua mikono peke yake na kuifunga penye nafasi kwenye chasisi ya 1963, umenunua mlango wa watu ukaufunga kwenye nguzo yako.

Hapo hatujamfikia mtu wa tatu, tairodi, ambaye ndiye chanzo cha kesi nyingi.

Chukua mbuzi wawili. Kila mmoja amefungwa kamba kwenye kigingi chake, na shingo zao umeziunganisha kwa kijiti. Kama vigingi vimekaa vizuri na kamba zina urefu unaokubaliana, mbuzi watazunguka pamoja na kijiti hakitapinda. Sogeza kigingi kimoja hatua mbili. Sasa kila wakizunguka, mmoja anamvuta mwenzake shingo. Kijiti hicho ni gurudumu lako. Mbuzi wa kwanza ni mikono, wa pili ni tairodi, na vigingi ni matundu ya bushi upande mmoja, mwisho wa stelingi raki (ufito wenye meno unaosukuma tairodi) upande mwingine. Vigingi visipokubaliana, gurudumu likipanda au kushuka linageuka lenyewe, bila dereva kugusa usukani.

Ndiyo ile hali ya gari kuvuta kwenye tuta. Fundi atahangaika na wili alainmenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, mara tatu na kila mara mashine itasema sawa, kwa sababu mashine inapima gari likiwa limetulia. Likitulia, mbuzi hawajaanza kuzunguka.

C2 na C4 zinatofautiana vibaya hapa. C2 na C3 zina boksi la stelingi na fito zake nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele. C4 ina raki, na iko mbele ya mstari huo. Ukivusha vifundo vya C4 lazima uvushe na raki, uiweke mahali inapotakiwa kwa urefu na kwa upana, na mahali hapo huenda tayari pamekaliwa na chuma cha chasisi ya zamani. Kuisogeza raki "kidogo tu" ili ipite ni kusogeza kigingi.

Kupima si uchawi. Chasisi huwekwa juu ya stendi katika kimo kilekile litakachosimama nacho barabarani, usukani unafungwa ukiwa katikati, springi inatolewa ili mkono uende huru. Ubao ulionyooka unafungwa kwenye habu badala ya gurudumu. Halafu jeki inainua kifundo inchi moja kwa wakati, inchi 2 au 3 juu ya kimo cha kawaida na kiasi hichohicho chini, na kila hatua unapima ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao kutoka kwenye mstari uliouvuta sambamba na gari. Ubao ukipanda na kushuka bila kugeuka, umepata. Ukiona ncha ya mbele inakimbilia ndani kadiri kifundo kinavyopanda, rudi kwenye raki. Ni kazi ya mchana mmoja, ya kuchosha na isiyo na picha nzuri, ndiyo maana watu huiruka.

Nyuma kuna hadithi nyingine

Corvette ya 1963 ilikuwa ya kwanza katika ukoo huo kuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, jambo ambalo mhandisi Zora Arkus-Duntov alilipigania. Mpango wake ulikuwa wa ubahili wa akili: kila upande una mkono mmoja mrefu unaotoka mbele kwenda nyuma, ufito mmoja wa chini unaokwenda kwenye difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma), na shafti inayozungusha gurudumu yenyewe ikafanywa mkono wa juu. Springi ni moja kwa pande zote mbili, bapa tisa za chuma zilizolala kwa upana wa gari.

Aliyewahi kurekebisha mwelekeo wa gurudumu la nyuma la C2 au C3 hasahau. Hakuna skrubu ya kuzungusha. Kuna vibati vyembamba vilivyopachikwa pande mbili za bushi, ndani ya mfuko wa chasisi, na bolti iliyopita katikati yake. Miaka ikipita, bolti na kile kikombe cha chuma ndani ya bushi hushikana kwa kutu hadi vinakuwa kitu kimoja, na njia ya kawaida ya kuitoa ni kuikata kwa msumeno, upande huu na upande ule. Beringi za nyuma nazo hupangwa kwa vipimo vya subira.

C4 ikaja na fito tano kila upande: mbili za mbele na nyuma, moja ya kushika mwinamo, moja ya kurekebisha mwelekeo, na shafti ikiendelea na kazi yake ya zamani ya mkono wa juu. Beringi zake zimefungwa ndani ya habu; ikichoka unatoa habu nzima. Kwa upande wa matengenezo pekee naelewa kwa nini mtu anatamani kuvusha.

Ila kuna kitu ambacho hakiko kwenye orodha ya muuzaji. Injini ikisukuma magurudumu, pua ya difu hutaka kujiinua, kama vile ukikaza nati kwa nguvu spana inavyotaka kukuzungusha wewe. Kwenye C2 pua hiyo imeshikwa na chasisi kupitia kishikio chenye raba. Kwenye C4 hakuna kishikio cha namna hiyo; kazi inafanywa na boriti ndefu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu, vikawa kama mfupa mmoja. Chukua difu ya C4 bila boriti hiyo, ifunge kwenye chasisi ya zamani kwa bolti zake za nyuma tu, kanyaga mafuta, na utajua boriti ilikuwa ya nini. Kwa C5 mambo yanazidi: gia boksi yenyewe imehamia nyuma ikashikana na difu, na bomba nene linatoka hapo hadi kwenye injini. Wanaotaka mikono ya C5 chini ya gari la kale mara nyingi huiacha gia boksi hiyo na kutafuta difu nyingine ya kukaa katikati.

Rimu zinaingia, kwa hiyo zinafaa?

Hapa pana mtego mzuri kuliko yote. Corvette ya 1963 na ya 1996 zina mpangilio uleule wa bolti za rimu: tano, kwenye duara la inchi 4.75. Rimu ya hii inapita kwenye matundu ya ile. Watu huona hivyo na kutangaza kwamba kila kitu kinaingiliana.

Sasa tazama bolti zenyewe. Za C2 ni za inchi 7/16, yaani milimita 11 na kidogo. Za C4 ni milimita 12, na nyuzi zake zina nafasi tofauti. Nati ya moja inaweza kuanza kuingia kwenye nyingine na kukudanganya mkono. Nati ikikataa baada ya mizunguko miwili, usiilazimishe kwa spana ndefu. Hali ni hiyohiyo gari zima: la zamani ni la inchi, jipya ni la milimita kwa sehemu kubwa, na bolti ya inchi 3/8 inakaribiana na ya milimita 10 kiasi cha kumchanganya mtu aliyechoka.

Halafu kuna ofseti, yaani uso wa rimu unaogusa habu umesogea kiasi gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu za C4 zimezama sana. Gurudumu linaifunika habu na breki. Rimu za 1963 hazikuzama hivyo. Kwa hiyo habu za C4 zinachomoza nje zaidi, na ukifunga juu yake rimu ya mtindo wa zamani, tairi linatoka nje ya bodi ya C2, gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia tayari yamekaribiana kwa takriban inchi 3 kuliko ya C4 ya 1984. Kipimo cha kuaminika ni uso wa habu hadi uso wa habu. Upana unaoandikwa kwenye vitabu umeshachanganya na rimu za kiwandani.

Na C4 si moja. Mwaka 1988 mbele ilichorwa upya, na mojawapo ya mabadiliko ni pale ambapo mhimili wa kugeuzia gurudumu unagusa ardhi ukilinganisha na katikati ya tairi. Rimu za 1984 hadi 1987 na zile za baadaye hazina ofseti moja. Mtu akikuambia "nina saspensheni ya C4", swali la kwanza ni mwaka gani.

Ngumu si sawa na nzuri

Imani hii haifi: gari la michezo ni lazima liwe gumu, na likiwa gumu zaidi ni bora zaidi. General Motors wenyewe, watengenezaji wa Corvette, waliijaribu. Corvette ya 1984 ilitoka ngumu kiasi kwamba malalamiko hayakuisha, na springi za 1985 zikalegezwa. Gurudumu linalorukaruka juu ya vijiwe haliko barabarani, na tairi lisilo barabarani halina la kukushikia.

Juu ya chasisi ya zamani ugumu una hatari ya pili. Chukua kiberiti, toa kile kidroo cha ndani, kamata ganda na ulisokote. Linasokotoka bila shida. Rudisha kidroo, jaribu tena. Chasisi ya C2 ni ngazi, nguzo mbili ndefu na vipande vya kuvuka, iko karibu na ganda tupu kuliko na kiberiti kizima. Springi ikiwa laini, springi ndiyo inayopinda na chasisi inatulia. Ukiweka springi ngumu kuliko chasisi, chasisi yenyewe inageuka springi, springi isiyo na shokapu. Matundu uliyoyapima kwa milimita yanahama kila kona. Na kama ni chasisi ambayo imelala nje miaka arobaini, gonga kwa nyundo pale nguzo zinapopanda mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Ndipo kutu hupenda kukaa, na ukigonga utasikia.

Springi bapa nazo hutukanwa kuwa ni teknolojia ya lori. Umbo linafanana, basi. Mwaka 1981 Corvette zenye gia za kujiendesha zilipewa springi ya nyuma ya faibaglasi, kipande kimoja cha kilo 4 hivi badala ya zile bapa za chuma zenye karibu kilo 20. C4 ikaiweka mbele na nyuma. Ni nyepesi, haipati kutu, na inakaa chini kabisa ambapo uzito hauna madhara.

Wengi huitupa na kufunga shokapu iliyovikwa springi. Inapendeza kwa macho na ni rahisi kurekebisha kimo. Lakini jiulize mguu wa shokapu ulitengenezwa ubebe nini. Kwenye gari lenye springi bapa, shokapu hutuliza mtikisiko tu. Uzito wa gari unapita kwingine. Ukihamishia springi kwenye shokapu, lile sikio dogo la chuma linaloishika juu sasa linabeba robo ya gari, na kwenye shimo linabeba zaidi. Bila kuliongezea nguvu, utakuja kuuona ufa.

Nisisahau tairi, maana pinde zote hizi zilichorwa kwa ajili yake. C2 ya 1963 ilitoka na tairi nyembamba, refu la ubavu, lenye nyuzi za mshazari, ambalo linasamehe mwinamo kwa sababu ubavu wake unajipinda. Tairi za radiali, ambazo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja badala ya mshazari, zilikuja kuwa za kawaida kwenye Corvette mwaka 1973. C4 ya 1984 ikaja na tairi la upana wa milimita 255, ubavu mfupi. Tairi la namna hiyo ni kama kiatu cha soli pana: likiinama kidogo linakanyaga kwa ukingo. Kufunga tairi pana kwenye pinde za 1963 ni kulipia mpira ambao hautagusa lami kwenye kona.

Basi watu wanafanyaje?

Walio makini hawavushi mikono, wanavusha ramani nzima. Mbele huchukua boriti nzima ya C4 inayobeba mikono, raki na springi, yaani mlango pamoja na nguzo yake, na kuiunganisha na nguzo za chasisi. Au wanaiacha kabisa chasisi ya zamani, wanaiweka stoo ikiwa na namba zake, na kuagiza nyingine iliyotengenezwa ipokee bodi ya C2 juu na saspensheni ya C4 au ya baadaye chini. Njia hiyo ya pili ni ghali, lakini ndiyo pekee inayokuruhusu kujuta: siku ukitaka kurudisha gari la asili, chasisi ya asili haijakatwa.

Mimi nikiulizwa, kwa gari la kutembea Jumapili nisingegusa lolote kati ya hayo. Bushi mpya, boljointi mpya, shokapu nzuri, springi moja ya faibaglasi nyuma, boksi la stelingi lililokazwa vizuri, na radiali za upana wa wastani. C2 nyingi zinazosemwa kuwa zinayumba kwa sababu ya uzee wa mchoro zinayumba kwa sababu ya raba za miaka ya sabini.

Kama unanunua gari ambalo tayari limefanyiwa kazi hii, usianze na rangi wala injini. Muulize mwenye gari vifundo ni vya mwaka gani, na pua ya difu imeshikwa na nini. Muulize bolti za bushi za mpira zilikazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake au likiwa linaning'inia, maana bushi iliyokazwa mguu ukiwa unaning'inia hukaa imesokotwa tangu siku ya kwanza na haichelewi kuchanika. Mwisho, muulize kama mwelekeo wa magurudumu ulipimwa yakipanda na kushuka. Akikupa karatasi yenye safu mbili za vipimo, inchi kwa inchi, kaa mzungumze bei. Akisema imekaa vizuri tu, omba uliendeshe kwenye barabara mbovu, mikono ikiwa legelege kwenye usukani.